Unga wa Hanang hautoi chuma mwilini, na sisi tulioouza tuseme ukweli



Leo hatuandiki habari za mishono ya Idi wala mapishi ya futari. Leo tuna jambo lililotukaa kooni miezi sasa, na tunaliandika kwa sababu sisi wenyewe tumo ndani yake.

Wanaotujua wanaijua kazi yetu. Sisi ni mafundi cherehani watatu wa Unguja, tuna duka moja la madira na mabaibui. Msimu wa nguo ukilala tunafanya biashara ya vitunguu thomu, ambavyo wenzetu wa bara wanaviita vitunguu saumu. Na vitunguu thomu vizuri vinatoka Mbulu, mkoa wa Manyara. Tunapanda boti mpaka Dar es Salaam, tunapanda basi mpaka Babati, halafu tunaupanda ule ukuta wa bonde la ufa mpaka Mbulu, kwenye baridi ambayo mtu wa kisiwani anaikumbuka mwaka mzima. Tukimaliza shughuli zetu huko tunashuka Hanang, mjini Katesh, siku ya mnada, tukauze madira tuliyokwenda nayo.

Hapo mnadani ndipo tulipoukuta unga. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, umetiwa kwenye vikopo vidogo. Muuzaji, naye si mzee wa kienyeji wala mganga, ni mfanyabiashara kama sisi, akatuambia: "Dada zangu, haya ni magome na mizizi ya Mlima Hanang. Yanasafisha damu, yanatoa sumu, na yanatoa chuma kilichozidi mwilini." Tukamuuliza mti gani. Akacheka, akasema hiyo ni siri ya biashara. Tukanunua vikopo 30, tukarudi navyo Unguja, tukaviuza pamoja na thomu. Kusema kweli vilikwenda haraka kuliko thomu.

Mmoja wa wateja wetu ni mama mwenye mtoto wa miaka 9 mwenye siko seli. Mtoto huyo ameongezewa damu mara nyingi. Mama yake akaja dukani siku moja akatuuliza: "Mashoga zangu, daktari kasema mtoto chuma kimemzidi mwilini kwa zile damu alizotiwa. Kampa vidonge, vinamchafua tumbo. Huu unga wenu unatoa chuma kweli?"

Na sisi tukamjibu: "Unatoa, mashallah, watu wanausifu."

Nani aliyeusifu? Hatukuwa na mtu hata mmoja. Tulisema vile tunavyosema kitambaa hakichuji rangi. Mama akaviweka kando vidonge vya hospitali, akampa mtoto unga. Baada ya miezi mitatu mtoto akalazwa. Walipompima, chuma kilikuwa kimepanda, hakikushuka. Alhamdulillahi mtoto yupo hai na amerudi kwenye dawa zake. Mama yake hakutugombeza. Alikuja, akaliweka kopo tupu juu ya meza yetu ya kukatia, akaondoka.

Tangu siku hiyo tumeuliza wauguzi, tumeuliza madaktari, tumesoma. Haya hapa ndiyo tuliyoyapata, na yeyote anayeuza kopo kama lile ajibu.

Chuma hakina mlango wa kutokea

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili wa mtu mzima uwe na chuma kama gramu 3 hadi 4 tu, sehemu kubwa ikiwa ndani ya damu. Chuma ndicho kinachobeba hewa safi kutoka mapafuni. Bila chuma huna nguvu. Sura ya 57 ya Kitabu chetu imepewa jina la Chuma, Al-Hadid, na humo chuma kinatajwa kwa ukali wake na kwa manufaa yake. Vyote viwili. Sisi tunayakumbuka manufaa na tunausahau ukali.

Sasa sikilizeni jambo ambalo muuzaji wa kopo hawezi kukwambia. Chumvi ikizidi, figo zinaitoa kwa mkojo. Maji yakizidi, yanatoka. Lakini mwili haukuumbiwa njia maalumu ya kukitoa chuma. Kinachotoka ni miligramu 1 hadi 2 kwa siku, pamoja na ngozi na utando wa utumbo unaokufa wenyewe, na kwa wanawake kidogo zaidi kwa hedhi. Basi. Badala ya kuweka mlango wa kutokea, mwili umeweka bawabu mlangoni: ini linatengeneza homoni iitwayo hepsidini, na hiyo ndiyo inayoamua utumbo upokee chuma kiasi gani kutoka kwenye chakula.

Mtoto wa siko seli akiongezewa damu, bawabu huyo hana la kufanya, kwa sababu damu haipiti utumboni. Inaingia moja kwa moja kwenye mshipa. Chupa moja ya damu ina chuma miligramu 200 na zaidi. Pigeni hesabu wenyewe: chupa 10 ni miligramu 2,000 na zaidi, kwenye mwili ambao unatoa 1 au 2 kwa siku. Ndiyo maana madaktari huanza kuwa na wasiwasi mtoto akishafika chupa 10 hadi 20, wakapima kitu kinachoitwa feritini kwenye damu, na ikizidi 1,000 wakafikiria dawa. Chuma kile kinajikusanya kwenye ini, kwenye moyo, kwenye kongosho na kwenye tezi za ukuaji. Hakiumi mwanzoni. Kinakaa kimya miaka, kisha ini linakakamaa au moyo unashindwa kazi.

Dawa za hospitali za kutoa chuma zinafanya kitu kimoja kinachoeleweka: zinakishika chuma kilichojificha na kutoka nacho kwa mkojo au kwa choo. Sasa tunamuuliza muuzaji wa unga: wako unakishika vipi? Unatoka nacho wapi? Umempima nani kabla na baada?

Mimea inaweza nini

Wasije watu wakasema tumegeuka maadui wa mitishamba. Hatujageuka. Bibi zetu walitulea kwa mvuje, kwa habasoda, kwa majani ya mpera. Na mimea mingine kweli ina uhusiano na chuma, tena hii haihitaji kupandishwa mlimani. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula inapunguza chuma cha mbogamboga na nafaka kinachoingia mwilini. Hili limepimwa na watafiti tangu miaka ya 1970. Ule ukakasi wa chai, wa kahawa, wa magome mengi, ndio unaokizuia chuma utumboni. Jamaa zetu wa Oman, ambako maradhi ya thalasemia yanajulikana sana, wapo wanaoshauriwa na madaktari wao chai pamoja na mlo, kwa sababu baadhi ya wagonjwa hao utumbo wao unapokea chuma kupita kiasi.

Lakini angalieni tofauti. Chai inazuia kinachoingia kwa mdomo. Haikigusi kilichoingia kwa sindano, na haikichomoi kilichokwisha kujibanza kwenye ini. Manjano nayo yana kitu ambacho kimeonekana kukishika chuma maabarani, lakini chupa ya maabara si mwili wa mtoto, na hakuna daktari makini anayeandika manjano badala ya dawa. Mmea unaweza kuwa msaidizi. Hauwezi kuwa mbadala. Neno "mbadala" ndilo lililomlaza yule mtoto.

Na wale wanaosema "basi hijama itatoa chuma", tuwajibu kwa heshima. Hijama tunaipenda. Ni kweli pia kwamba yapo maradhi ya chuma kuzidi yanayotibiwa kwa kupunguza damu hospitalini, lakini hayo ni ya watu ambao damu yao inatosha. Mtoto wa siko seli aliyeongezewa damu kwa sababu haina, unampunguzia nini?

Wenyewe wa Mbulu na Hanang wanaumwa na nini

Hapa ndipo uchungu wetu ulipozidi. Tulikuwa tunadhani unga ule ni dawa ya kale ya watu wa huko, Wairaqw na Wadatoga, na kwamba wao wanaujua ugonjwa wa chuma kuzidi. Mambo ni kinyume chake.

Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walipima damu ya wajawazito zaidi ya 3,800 waliohudhuria kliniki za wilaya za Mbulu na Hanang. Walikuwa wanatafuta upungufu wa damu, na waliukuta. Walipochunguza zaidi wakaona upungufu ule unahusiana na lishe, chuma kikiwemo, na pia maambukizo kama malaria. Kwa maneno mengine, mjamzito wa kule anahitaji chuma, hahitaji mtu wa kumpunguzia. Sasa fikirini mama huyo anakwenda mnadani Katesh, anauziwa unga wenye ukakasi wa "kusafisha damu", anautia kwenye uji asubuhi na jioni. Ugali wake na mboga yake vilikuwa na chuma kidogo, na hicho kidogo unga unakizuia. Anaambiwa kizunguzungu ni "sumu inatoka". Si sumu. Ni damu inayopungua, na miezi michache mbele yake kuna kujifungua.

Na kuna kituko kingine. Safari yetu ya pili tulikuta muuzaji mwingine na unga wa rangi ile ile, harufu ile ile. Huyu akasema unaongeza damu. Kopo moja linaongeza chuma, jingine linatoa chuma, na kijiko ni kile kile. Wazee wenyewe wa Mbulu wanaozijua dawa zao wanaweza kukwambia huu ni mti gani, unachimbwa wakati gani, anatumia nani na nani asitumie. Wanaouza makopo hawajui hata jina la mti. Wameazima jina la mlima, mlima mrefu wa mita 3,417, wakalibandika kwenye kopo lisilo na jina.

Pemba imeshatufundisha

Sisi watu wa visiwani tuna sababu ya peke yetu ya kutochezea chuma. Watoto wetu wa Pemba ndio walioifundisha dunia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kushirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii iliyopo Wawi, Chake Chake, ulifanywa utafiti mkubwa Pemba. Watoto wachanga zaidi ya 24,000, wa chini ya miaka mitatu, waligawanywa makundi. Wengine walipewa chuma na foliki kila siku, wengine hawakupewa. Kila mtu alitegemea waliopewa chuma wataimarika. Agosti 2003 sehemu ya chuma ikasimamishwa, kwa sababu waliopewa walikuwa wanalazwa na kufa zaidi: hatari yao ilizidi kwa asilimia 12. Matokeo yakachapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa nchi zenye malaria nyingi.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hili ndilo la kushika. Katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu kwanza, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walifaidika. Chuma kile kile kilimsaidia aliyepungukiwa na kikamdhuru asiyepungukiwa. Kilichowatofautisha ni kipimo.

Sisi mafundi hili tulipaswa kulijua bila kufundishwa. Mteja akija, hata awe dada yako wa tumbo moja, unachukua futi unampima kabla ya kushika mkasi. Kitambaa cha watu hukikati kwa kukisia. Basi vipi tulikata damu ya mtoto kwa kukisia?

"Asili" si jibu

Wapo watakaosema: hospitali zinapiga vita dawa za asili ili ziuze zao. Tumelisikia hili sana, na tulilisema wenyewe tulipokuwa tunauza.

Basi jueni kwamba dawa ya kwanza kubwa ya kutoa chuma mwilini, ile ya kudungwa polepole chini ya ngozi kwa saa nyingi, ilitokana na kijidudu kinachoishi udongoni. Wataalamu wa Uswisi waliipata na ikaanza kutumika miaka ya 1960. Dawa mseto ya malaria tunayowapa watoto wetu ina asili ya mmea wa pakanga ya Kichina, na mama aliyeigundua, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hivyo vyote ni vya asili. Tofauti ni kwamba vilipimwa, vikajulikana jina, kiasi na madhara, ndipo vikapewa watu. Hata hapa Tanzania ipo Taasisi ya Tiba Asilia Muhimbili, na ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mwenye dawa ya kweli ana pa kuipeleka. Kwa nini wa kopo anakimbilia mnadani?

Na hatujasahau kikombe cha Loliondo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika Samunge kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, wakanywa dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Wapo waliokwenda na vidonge vyao vya hospitali wakarudi wameviacha. Hatuwacheki, wengi walikwenda kwa sababu walikuwa wamechoka. Lakini dawa waliyokunywa haikuwaponya, na ugonjwa walioacha kuutibu uliendelea kula.

Tatizo la kweli, na tunalodai

Kuna neno moja la upande wa pili tunalikubali. Dawa za kutoa chuma ni ghali na hazipatikani kila hospitali. Mama wa kijijini Hanang, au wa Micheweni, hawezi kuambiwa tu "nenda hospitali" kana kwamba hospitali ni duka la jirani. Umaskini huo ndio anaoutumia mwenye kopo.

Lakini jibu la dawa ghali si dawa ya uongo. Jibu ni kudai. Tanzania inazaa watoto wa siko seli kama 11,000 kila mwaka, nasi watu wa pwani tumo. Watoto hawa wanatakiwa wapimwe wakiwa wachanga, na wapewe haidroksiyurea inapofaa. Utafiti uliofanywa Kenya, Uganda, Kongo na Angola, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wanaotumia dawa hiyo wanapata maumivu machache na wanahitaji kuongezewa damu mara chache zaidi. Chupa ya damu isiyohitajika haileti chuma. Hilo ndilo la kupigia kelele kwa wabunge na wawakilishi wetu, dawa hii na vipimo vya feritini vifike wilayani na vilipiwe na bima, badala ya kutuma watu wa kutuletea unga.

Dada zetu wafanyabiashara, tunawaomba kama tunavyojiomba wenyewe. Kabla hujauza kitu cha kunywa, kijibie maswali haya. Ni mti gani, kwa jina lake? Nani asitumie? Kimepimwa wapi? Ukishindwa moja tu, kirudishe kilikotoka. Riziki ipo kwenye thomu, ipo kwenye uzi na sindano.

Na wewe mama unayemlea mtoto wa siko seli: usiache dawa ya daktari hata siku moja bila kumwambia daktari mwenyewe. Ikimchafua tumbo, mwambie, huenda akabadilisha kiasi au namna ya kutumia. Usimpe vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma wala vidonge vya vitamini C kwa kujiamulia, kwa sababu vitamini C inazidisha chuma kinachoingia. Mwambie daktari kila majani na kila unga unaompa, usione haya. Na muulize swali moja: "Feritini yake ni ngapi?" Likiandikwe kwenye daftari lake, pamoja na idadi ya chupa za damu.

Sisi vikopo vilivyobaki tumevimwaga. Tumewapitia wateja tuliowakumbuka, nyumba kwa nyumba, tukawarudishia pesa zao. Wengine walikataa kupokea, wakasema unga umewafaa, na mmoja alitufukuza. Kwa yule mama tulikwenda wote watatu. Tulimuomba radhi mbele ya mtoto wake, na mtoto akatuuliza kama tunaweza kumshonea kanzu ya Idi.

Tulichukua futi, tukampima.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya kujua, na awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.